Ukuta wa Jikoni Utasuguliwa na Nani?



 

Ndugu msomaji, kila mwaka mwezi wa Shaabani unapoingia, hapa Buyenzi nyumba nyingi huwa na harufu ya rangi mbichi. Watu wanajiandaa kwa Ramadhani. Mapazia yanafuliwa, milango inapakwa rangi, na siku hizi wenye uwezo wanaweka vigae, au makaro kama tunavyozoea kuyaita hapa Bujumbura. Sebule hutangulia. Pesa zikibaki ndipo baba wa nyumba hulikumbuka jiko, na ndipo wazazi wa wanafunzi hunifuata baada ya darsa: "Maalim, ukuta wa nyuma ya imbabura tuweke nini?" Wengine hucheka wenyewe wakishauliza, wakidhani hilo ni swali la fundi. Mimi naliona limo ndani ya mlango wa twahara. Somo la najisi ambalo wanafunzi husinzia nalo kitabuni, ukilihamishia jikoni hakuna anayesinzia.

Tuanze na hilo la sharia, kwa sababu lina mkanganyiko mwingi. Uchafu mwingi wa jikoni si najisi. Masizi ya makaa, mafuta ya mawese, maji ya ndagala, unga uliomwagika, hivi vyote ni uchafu wa kawaida. Ukiswali na nguo yenye doa la mawese swala yako ni sahihi, ingawa haipendezi kusimama mbele ya Mola wako ukinuka mchuzi. Najisi ya jikoni ni vitu vichache: damu inayochuruzika wakati wa kuchinja kuku, kinyesi cha panya na cha mjusi, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, hata kinyesi cha kuku wenyewe wanaoingia na kutoka mlangoni. Damu inayobaki kwenye nyama baada ya kuchinja kwa njia ya sharia imesamehewa. Nasema haya mapema kwa sababu nawajua akina mama walioingiwa na wasiwasi hadi wanaosha ukuta mzima kila siku kwa tone moja la supu. Wasiwasi ni mlango wa shetani, tusiufungue kwa jina la usafi.

Sasa najisi ikishauangukia ukuta, inaondolewaje? Hapa ndipo aina ya ukuta inapoanza kuwa na maana. Wanazuoni wa Kihanafi wanasema kitu laini kisichofyonza, kama kioo, upanga, kisu au chombo kilichochomwa kikang'aa, hutwaharika kwa kukipangusa vizuri mpaka athari ya najisi iondoke. Masahafi hawatosheki na kupangusa: najisi yenyewe iondolewe kwanza, kisha maji yapite juu ya mahali pale. Ikibaki rangi peke yake, au harufu peke yake, baada ya kujitahidi, inasamehewa. Utaona kwamba madhehebu yote mawili yamefikiria jambo lile lile ambalo fundi wa makaro analifikiria, yaani kama kitu kinafyonza au hakifyonzi. Kwenye kigae chenye ngozi ya kioo, ukimimina kikombe kimoja cha maji kazi imekwisha. Kwenye ukuta wa saruji mbichi yenye mikwaruzo na vitundu, damu imeshaingia ndani na huna hakika umeondoa nini na umeacha nini.

Na hapa niweke jambo ambalo wengi hawalijui. Kitambaa kilichopangusa najisi kikichovywa ndani ya ndoo, kwa kauli inayotegemewa ya Mashafi maji yote ya ndoo ile yamenajisika, kwa kuwa hayafiki qullatain, ambazo ni lita zaidi ya mia moja na tisini. Kisha unakichukua kitambaa kile kile ukapangusa meza, ukapangusa sufuria, ukaeneza najisi jiko zima. Dawa yake ni nyepesi. Ondoa kwanza ile najisi kwa karatasi au kitambaa kikavu, halafu mimina maji safi juu ya mahali hapo, usichovye. Ukuta laini unakuruhusu kufanya hivyo kwa maji kidogo, na sisi ambao bomba hukauka siku mbili tatu tunajua thamani ya kikombe kimoja cha maji.

Basi tuje kwenye vigae vyenyewe.

Kwanza kabisa, picha za magazeti ya Ulaya zisikupoteze. Kule vigae vya ukutani huanzia juu ya meza ya kupikia na kupanda kama sentimita sitini, kwa sababu jiko lao limesimama juu. Sisi wengi tunapikia imbabura iliyo chini. Mafuta ya kukaangia mukeke yanaruka kuanzia usawa wa kifundo cha mguu, na masizi yanapanda kutoka hapo. Kwa hiyo ukuta wetu uanze kuwekwa vigae sakafuni, upande hadi mita moja na sentimita ishirini hivi, na upana wake uwe wa eneo lile la kupikia na kuoshea, si lazima jiko zima. Nimeona nyumba ambayo vigae vizuri vya bei kubwa vimewekwa kifuani, na mafuta yote yanarukia plasta ya chini.

La pili ni ile mistari ya kati ya kigae na kigae. Watu wakienda dukani wanaangalia kigae, nao uchafu wa jikoni hauishi kwenye kigae, unaishi kwenye mistari. Saruji inayojazwa pale inafyonza. Mawese yakiingia hugeuka rangi ya chungwa, masizi yakiingia hugeuka jeusi, na masika ukungu huota. Niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la mirathi hesabu hii siku moja ili wapumzike kidogo na mafungu ya warithi. Ukuta wa upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.2. Ukitumia vigae vya sentimita 15 kwa 15, vinahitajika 160, na ukijumlisha urefu wa mistari yote ya katikati unapata mita 43.8. Ukitumia vigae vya 30 kwa 60 vinahitajika 20 tu, na mistari yote ni mita 13.8. Kisha nikawaambia wahesabu vile vipande vidogo vidogo vya mapambo, vya sentimita mbili na nusu, ambavyo huuzwa vimebandikwa kwenye wavu na watu huvipenda sana. Walipata mita 283.8. Karibu mita mia tatu za mistari kwenye ukuta mmoja wa jikoni! Kijana mmoja akauliza, "Maalim, na nani atazisugua?" Hilo ndilo swali lenyewe.

Sisemi mapambo ni mabaya. Mafundi wa Fez nchini Morocco wamekata vipande vya zellij kwa karne nyingi, na Sultani Suleiman wa Uthmaniya alipamba Kubba ya Mwamba kule Quds kwa vigae katika karne ya 16, na mpaka leo mtu akitazama moyo unafurahi. Lakini hakuna aliyekaanga samaki pale. Ukitaka pambo, liweke varandani au mahali pa kutilia udhu, jikoni weka vigae vikubwa, na mwambie fundi mistari iwe myembamba, milimita mbili au tatu. Rangi ya saruji ya kujazia iwe ya kijivu, isiwe nyeupe. Ipo dawa ya kujazia ya epoksi isiyofyonza kabisa. Bei yake ni kubwa na inamtaka fundi anayeijua, maana hukauka haraka na ikimkaukia vibaya haitoki.

Kigae king'ae au kisizime? Ukutani nachagua kinachong'aa. Kile kisichong'aa, chenye mkwaruzo mkwaruzo kama jiwe, kinashika mafuta, na mafuta yaliyopata moto mara nyingi hugeuka gundi. Sakafuni ni kinyume, maana sakafu inayong'aa ikipata mafuta inamwangusha mtu, hasa bibi zetu. Muuzaji atakuambia kigae ni kigae tu. Mwambie hapana, hiki ni cha ukutani na kile ni cha chini.

Halafu kuna marumaru. Neno hili linatuchanganya, kwa sababu ndugu zetu wa Tanzania huviita hivyo hivyo hata vigae vya kiwandani, ambavyo sasa vinatengenezwa kwao, Mkuranga na Chalinze. Mimi nazungumzia jiwe lenyewe la marumaru. Kwa meza ya jikoni silipendekezi. Asili yake ni kama ya chokaa, na kila chenye uchungu wa tindikali kinalila: ndimu, siki, ukwaju, hata nyanya. Kata ndimu juu yake uache dakika chache, utaona alama iliyofifia ambayo hakuna sabuni ya kuitoa. Jiwe la graniti linastahimili zaidi, ila nalo linahitaji kupakwa dawa ya kuzuia kufyonza mara kwa mara. Kwa wengi wetu meza ya zege iliyofunikwa vigae vikubwa vya poseleni inatosha, au hata sakafu ya saruji iliyopigwa niru ikalainishwa vizuri. Penye kona, meza inapokutana na ukuta, pajazwe silikoni badala ya saruji, kwa sababu saruji ya konani hupasuka na maji hupenya nyuma.

Na asiye na uwezo wa vigae? Wala asijione jiko lake si la Kiislamu. Ukuta wa plasta iliyosawazishwa vizuri, ukapakwa rangi ya mafuta mikono miwili mpaka usawa wa bega, unaosheka kwa sabuni na maji ya moto na utakaa miaka. Rangi ya chokaa au ya maji usiiweke karibu na moto, kwa sababu ukiiosha inatoka pamoja na uchafu. Wauza mishkaki wengine hubandika bati la inoksi nyuma ya jiko lao, na ni akili nzuri: halifyonzi, halina mistari, na linafutwa mara moja. Vigae vilivyobaki kwenye ujenzi wa jirani navyo vinafaa hata kama rangi hazifanani, alimradi virefushwe kutoka sakafuni pale penye moto.

Nikumbushe pia kuwa hakuna kigae kinachoondoa moshi. Ukuta ukiwa mweusi kila wiki, huo ni ujumbe kwamba moshi hauna pa kutokea, na kabla ya kufika ukutani umepita kwenye mapafu ya anayepika. Makaa hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu. Dirisha au tundu la juu litangulie, vigae vifuate. Mtu akiwa na pesa ya kimoja tu, atoboe dirisha.

Swali la yule kijana sasa. Katika darasa la mabinti la baada ya adhuhuri yupo binti mmoja aliyekuwa akichelewa karibu kila Alhamisi na kila Jumamosi. Ana akili na sauti nzuri. Kaka yake alianza naye siku moja, na wakati kaka amekwisha hifadhi juzuu tatu, yeye alikuwa bado anahangaika na juzuu ya Amma. Nilimuuliza mama yake kwa upole. Akaniambia, "Maalim, siku hizo ndizo za kusugua jikoni. Anasugua yeye, mimi nina mtoto mgongoni." Ukuta wao ulikuwa wa saruji tupu iliyokwaruzwa kwa mwiko, wasugua kwa majivu na brashi, saa mbili na zaidi, halafu wanamalizia kwa javeli. Vidole vya binti vilikuwa vimepasuka, ndiyo sababu alikuwa anafungua kurasa za msahafu kwa ncha ya kucha.

Nilimtembelea baba yake baada ya swala ya Isha. Ni mtu mwema, hakosi safu ya mbele. Sebule yake ilikuwa imewekwa makaro meupe yanayong'aa mpaka unaona uso wako. Nikamweleza. Akasema, "Maalim, wageni hawaingii jikoni."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, binti yako anaingia."

Alinyamaza. Hatukugombana, tulikunywa chai na nikaondoka. Sikumhubiria, kwa kuwa mambo ya matumizi ya nyumba ya mtu yana heshima yake. Lakini katika madrasa tunawafundisha watoto kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishiriki kazi za nyumbani mwake, na mtoto hujifunza zaidi kwa kumwangalia baba kuliko kwa kunisikiliza mimi. Baba anayechagua ukuta ambao yeye hatausugua hata siku moja anachagua kwa macho. Anayesugua angechagua kwa mkono. Baada ya miezi miwili alinunua vigae 20 vya 30 kwa 60, na safari hii alimpeleka mkewe dukani. Binti bado yuko nyuma ya kaka yake, lakini Alhamisi anafika kabla sijafungua mlango.

Kuhusu javeli, nisisitize kwa sababu ni hatari. Isichanganywe kamwe na siki, wala ndimu, wala dawa za tindikali za kusafishia choo. Hutoka hewa ya sumu inayochoma koo na mapafu, na jiko dogo lisilo na dirisha linaweza kumwangusha mtu. Watoto wasipewe kazi hiyo. Kwa mafuta, javeli wala haihitajiki. Maji ya moto na sabuni vinatosha ukipangusa ukuta ungali na uvuguvugu baada ya kupika. Majivu ya bibi zetu yanafanya kazi kweli, maana yanayeyusha mafuta, lakini yana chembe zinazokwaruza. Yatumie kwenye sufuria, usiyasugue kwenye kigae kinachong'aa, kikishakwaruzika kitaanza kushika uchafu kama saruji.

Kuna jambo jingine ambalo nimeulizwa na familia mbili mwaka huu. Madukani vipo vigae vilivyoandikwa Ayatul Kursiyyu au jina la Allah, na watu wanataka kuviweka jikoni kwa ajili ya baraka. Imamu Nawawi ametaja katika kitabu chake At-Tibyan kwamba katika madhehebu yetu ni makuruhu kuzinakshi kuta kwa Qur'ani na majina ya Allah. Tukiliacha hata hilo, fikiria mahali penyewe: mafuta yanaruka juu ya aya, masizi yanaifunika, na mtu anaisugua kwa brashi ile ile ya sinki. Kama umeshanunua, usivitupe, viweke mahali pa heshima. Baraka ya jikoni ipo kwenye Bismillahi ya anayepika.

Ya mwisho ni ya fundi. Vile vigae vya kawaida vya ukutani mgongo wake unafyonza maji, ndiyo maana mafundi wa zamani huvilowesha kwenye pipa kabla ya kuvibandika kwa saruji. Poseleni haifyonzi, na ikibandikwa kwa saruji peke yake huanguka, inataka gundi yake. Usikubali fundi aweke mabonge matano ya saruji nyuma ya kigae, manne konani na moja katikati. Nyuma kunabaki mapango, na mapango hayo ni nyumba za mende. Kabla hujamlipa, pita ukigonga kila kigae kwa kidole. Kinacholia kama debe tupu akitoe akirudie mbele yako.

Na kabla ya hayo yote, dukani, omba kipande kilichovunjika cha kila kigae unachokitaka, hawakatai. Mpelekee mkeo au mama yako nyumbani. Apake tone la mawese juu ya kila kipande na jingine kwenye kingo zake, aache mpaka kesho asubuhi, kisha afute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Kile atakachokifuta kwa mkono mmoja huku ameshika mtoto kwa mkono mwingine, kanunue hicho.